Kwenda Kumwomba Ram Radhi

Siri ya Bochaberi ilivujia kwenye foleni ya sindano. Alikuwa ametoka Migori asubuhi na mapema hadi Homa Bay kuchanjwa homa ya manjano, maana bila ile kadi ya chanjo huingii India, na Homa Bay aliichagua makusudi ili asikutane na mtu yeyote wa kanisani. Na ni nani aliyekuwa kwenye benchi la hospitali, mguu umefungwa bendeji? Nyasuguta wa kwaya. Huyu ni mwanamke ambaye ukimnong'oneza neno saa tatu, saa nne limeshafika Oyugis na linarudi.

"Dada Bochaberi! Hii si laini ya watu wa kusafiri nje?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe unaenda wapi?"

Angeweza kusema Dubai. Siku hizi kila mtu anaenda Dubai. Lakini Bochaberi ana ugonjwa mmoja tangu utotoni: akiulizwa jambo kwa jicho la kumchunguza, hulijibu lote. "Naenda India na Mama Kanta. Yeye anaenda kuhiji kwa Ram wake, mimi namshika mkono."

Nyasuguta alishika kifua kana kwamba sindano amedungwa yeye.

Mama Kanta ni Kantaben, Mhindi mjane wa miaka sabini na minane, mzaliwa wa Migori, ambaye Kijaluo chake kinawaaibisha wajukuu wa Wajaluo wenyewe. Ana duka la misumari, mabati na saruji. Bochaberi, Mkisii na Msabato, ameuza maharagwe na ndizi kwenye baraza ya duka hilo kwa miaka ishirini na miwili. Watoto wa Mama Kanta wako Leicester, Uingereza. Alipowaambia anataka kwenda kupitia mahali alipopita Ram, mungu wake, mmoja wao alimtumia video. "Mama, siku hizi hekalu liko kwa simu," alimwambia. Mama Kanta aliizima ile simu akaitupa ndani ya droo ya misumari, kisha akatoka barazani akamwuliza Bochaberi kama anaweza kumsindikiza, kwa kuwa magoti yake hayapandi ngazi peke yake. Bochaberi alikubali kabla hajameza mate.

Walipanga safari kwenye kaunta, juu ya kalenda kubwa ya ukutani waliyoilaza chali. Mama Kanta alitaja mahali, Bochaberi akaandika. Ayodhya, alikozaliwa Ram. Chitrakoot, msitu alikoishi na mkewe Sita na mdogo wake walipofukuzwa kwao. Nashik, pale Panchavati, Sita alikoibwa. Na mwisho, kusini kabisa, Rameshwaram, ambako jeshi la nyani lilimjengea Ram daraja juu ya bahari ili amfuate mkewe.

"Nyani?" Bochaberi aliuliza, kalamu juu.

"Nyani. Na nyinyi punda wenu aliongea. Nishawahi kukuuliza?"

Bochaberi akaandika nyani.

Jumamosi zote kwenye kalenda ile zilizungushiwa duara nyekundu, na aliyezizungushia ni Mama Kanta mwenyewe. "Jumamosi hatusogei," alisema. "Ijumaa jua likizama tuko hotelini, wewe na Mungu wako. Mimi nitalala. Hakuna basi, hakuna treni." Bochaberi hakuwa amemwomba. Alitazama zile duara akaona haya, kwa sababu yeye alikuwa amepanga kuzungumzia jambo hilo wakishafika.

Sasa Jumatatu, baada ya ile habari ya Homa Bay kupita nyumba kwa nyumba, Mzee Mokaya alifika barazani. Mokaya ndiye mzee wa kanisa. Mchungaji ana makanisa kumi na moja ya kuzunguka, kwa hiyo pale Migori neno la Mokaya ndilo linalofunga na kufungua. Alisimama upande wa barabara, hakukanyaga baraza. Alikuwa hivyo siku zote. Hata misumari alinunua kwingine.

"Dada, nasikia unaenda kuinamia sanamu."

"Naenda kushika mkono mtu mwenye magoti mabaya, Mzee."

"Mpaka ndani ya hekalu?"

"Magoti yake hayabaki nje."

Mokaya hakucheka. "Jina lako litasomwa Jumapili kwa mkutano wa washiriki. Ukiacha hii mambo leo, hatufiki huko. Ukikataa, sitaongea habari ya ushemasi pekee. Tutaongea ushirika wenyewe. Kutengwa, dada. Na nakuambia hivi nikikupenda."

Kupenda gani huko! Bochaberi alitaka kumrushia kikombe cha maharagwe. Lakini Mokaya alipoondoka, hasira ilipoa na hofu ikaingia, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Yeye si mzaliwa wa Migori. Ukoo wake uko mbali, na waliobaki kule wanamkumbuka wakitaka mchango. Mumewe alipofariki, ni kanisa lililochimba kaburi, kanisa lililopika, kanisa lililokesha naye siku nne. Kwa miaka kumi na minne ameshika ushemasi, akifua na kupiga pasi kitambaa cha meza ya Bwana. Mtu wa kuja akitengwa na kanisa, atazikwa na nani? Na binti yake Beverlyne, kidato cha nne na kwaya juu, ataimba mbele ya watu waliomtupa mama yake?

Aliingia dukani kusema kwamba haendi. Tusifiche, hilo ndilo lililompeleka.

Mama Kanta alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kalenda. "Sawa," alisema. "Kanisa ni nyumba yako. Mimi nitatafuta mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Sijui. Lakini lazima niende, Bochaberi. Mimi siendi kuomba afya. Naenda kuomba radhi. Nilimshika Ram kwa mikono hii nikasema uongo."

Bochaberi alikaa juu ya gunia. Mji mzima unajua kwamba Mama Kanta haapi. Mteja akimwambia, "Apa kama hiyo ni bei ya mwisho," hufunga mdomo, na ikibidi mteja aende. Marehemu mumewe alikuwa akiapa kwa niaba ya wote wawili.

"Uongo gani, Mama?"

"Ile Januari. Mlipokuwa stoo."

Januari ya 2008. Baada ya kura kuharibika, vijana wenye mapanga walipita Migori wakisaka Wakisii, na Mama Kanta aliwaficha kumi na mmoja nyuma ya magunia ya saruji, yeye na mlinzi wake Gordon, Mjaluo wa Lambwe. Bochaberi alikuwa ndani na Beverlyne wa miezi mitano, titi mdomoni mchana kutwa ili asilie. Mokaya pia alikuwa ndani. Wakati ule hakuwa mzee wa kitu chochote. Alikuwa fundi viatu aliyepoteza kiatu kimoja akikimbia. Siku ya pili vijana walifika mlangoni. Walioko stoo walisikia makelele, kisha kimya, kisha nyayo zikiondoka, zikirudi, na mwishowe zikiondoka tena. Hawakujua kilichosemwa. Siku zote Bochaberi alidhani walipewa pesa.

"Pesa walikataa," alisema Mama Kanta. "Walimsukuma Gordon chini. Mmoja wao alikua hapahapa mjini, ananijua. Akasema, lete kile kitabu cha Ram wako, apa kwamba hakuna Mkisii humu, na sisi tutaenda. Nikanawa mikono. Nikakileta. Nikaapa. Wakaenda, kwa sababu walijua mimi siapi."

Alinyoosha kidole akagusa Chitrakoot kwenye kalenda. "Ram alikaa msituni miaka kumi na minne ili neno la baba yake lisivunjike. Neno la mtu mwingine! Na mimi nikashika jina lake nikalivunja. Miaka kumi na saba naomba asubuhi, naona kama naongea na mtu aliyegeuza uso. Sitaki kufa hivyo."

Bochaberi alilia, na kulia kwenyewe kulimkasirisha. Kilichomchoma si uongo wa Mama Kanta. Ni kwamba mwanamke huyu alikuwa akilipia roho zao peke yake, hatua mbili kutoka kwenye meza ya maharagwe, na wao walikuwa wakijadili kama ni halali kumshika mkono. Waliosema fadhila za punda ni mateke hawakuwajua Wasabato wa Migori.

"Na kweli hujutii?" aliuliza mwishowe. "Kutuficha?"

"Ningeapa tena kesho. Lakini nitaomba radhi tena."

"Basi viza yangu usifute," Bochaberi alisema, akafuta pua kwa leso. "Jumapili nina mkutano. Naomba hiyo kalenda."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Sabato. Hakuna kitu kinachowatoa watu nyumbani kama jina la mwenzao kusomwa. Nyasuguta alikaa mbele, mguu wake wa bendeji juu ya kigoda. Mokaya alisoma shtaka, sauti ya mimbarini: kwamba dada Jedidah Bochaberi, shemasi, amekusudia kushiriki ibada ya miungu mingine, na ameonywa, na amekataa.

"Una la kusema, dada?"

Bochaberi alisimama, akaitundika kalenda ile juu ya ubao wa nyimbo. "Nina la kusema. Hizi duara nyekundu ni Sabato. Mnaziona? Amezichora Mama Kanta. Safari yote imekatwakatwa kwa sababu yangu. Nitajieni Msabato mmoja hapa ambaye amewahi kuahirisha safari yake kwa sababu ya siku ya Mhindi."

Kulikuwa na mguno. Mokaya aliinua mkono. "Dada, jibu shtaka."

"Najibu. Mimi sitainamia kitu. Namwabudu Mungu yuleyule mliyenifundisha. Lakini nitavua viatu mlangoni, nitamshika mkono, nitaingia naye mpaka pale anapotaka kupiga magoti, nitamsaidia kushuka, nitamsaidia kuinuka. Sasa niwaambie anaenda kufanya nini."

Akawaambia. Alisema yote: kitabu, mikono iliyonawiwa, kiapo, miaka kumi na saba. Hakupamba. Alipotaja stoo, wazee watatu waliinamisha vichwa, kwa sababu ya wale kumi na mmoja watano bado wako katika kanisa lile, na wote walijuana. Baada ya vita wengi huwa hawapendi kumtazama aliyewaona wakitetemeka, na ndiyo sababu miaka yote hiyo hakuna aliyelitaja duka lile hata katika shukrani.

"Alisema uongo kwa ajili yetu," Bochaberi alimalizia, na sauti sasa ilikuwa imepanda. "Mnasema dini yake ni ya uongo. Sawa. Lakini siku ile aliiweka chini ya miguu yetu tukapita juu yake, na yeye anaipenda kama nyinyi mnavyoipenda yenu. Sasa pigeni kura. Lakini kila atakayeinua mkono kunitenga, anijibu kwanza: siku ile ulitaka Mama Kanta aseme ukweli?"

Mokaya alikuwa na karatasi mkononi.

"Wanaokubali atengwe," alisema, sauti ya mimbarini imeisha, "wainue mikono."

Hakuna. Nyasuguta alikuna shingo, akairudisha mikono magotini upesi.

"Wanaokataa."

Hapo pia hakuna, na hapo ndipo Bochaberi alipowaka kweli. "Hata wa kunitetea hamna? Mna mikono ya nini, ya makofi?"

Beverlyne aliinua wake kutoka safu ya kwaya. Hajabatizwa bado, hana kura, na kila mtu alijua. Aliuinua hivyohivyo. Kisha Mokaya, mwenyekiti ambaye hapigi kura, aliweka karatasi chini akauinua wa kwake, na mikono mingine ikafuata, mmoja huku, mmoja kule, mpaka hapakuwa na maana ya kuihesabu.

"Dada," Mokaya alisema watu walipokuwa wakitoka, "mwambie Mama Kanta tunamshu—"

"Mwambie mwenyewe. Ana masikio. Duka liko palepale unapolipita kila siku."

Alitangulia, hakugeuka kuona kama anafuatwa. Jua lilikuwa kali. Alipofika barazani alisikia nyayo nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu ile Januari zilipanda zile ngazi mbili za saruji.

Mama Kanta alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, miwani puani, akikunja shali ya safari. Alimtazama mwanamume aliyesimama mlangoni, kofia mkononi, suti ya kanisani.

"Leo tumefunga," alisema. "Unataka misumari?"

Mzee Mokaya, anayeweza kuhubiri saa mbili bila maji, alimgeukia Bochaberi. Bochaberi hakumsaidia.

"Mimi," alisema mwishowe, "ni mmoja wa wale ulioapa kwamba hawamo."

Mama Kanta alivua miwani. Alimwangalia, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kuliko kutazama.

"Wewe ndiye uliyekohoa," alisema. "Walikuwa wameanza kuondoka, wakarudi. Ndiyo maana niliapa mara ya pili."