Mgeni wa Mpagazi

Miaka yote ya ndoa Mama Pacha alikuwa na mke mwenza mmoja tu: mlima. Mumewe, mpagazi wa kubebea watalii mizigo, alilala huko zaidi ya alivyolala nyumbani. Magoti yalipomgomea akaacha kazi, bibi akasema, "Nipeleke nikamwone huyo mwenzangu. Tukatembee tu."

"Kutembea? Juu hakuna duka wala msiba."

"Kwani Wazungu huenda kufanya nini?"

"Kufurahi."

"Na mimi nina uso wa kununa?"

Wakaenda. Kwenye geti la kupandia mlima mlinzi akawaamkia, kisha akamuuliza mumewe, "Mzee, wageni wako wako nyuma?"

"Mgeni ndiye huyu."

Mlinzi akachungulia nyuma ya gauni la Mama Pacha, labda kuna Mzungu kajificha.

Njiani, kila kundi la wageni lilipotokea, mzee aliruka pembeni, mgongo kwenye vichaka, macho chini, kama mtu aliyefumaniwa. Mama Pacha yeye alibaki katikati ya njia na gauni lake pana, akiwasalimu mmoja mmoja, nao wakijipenyeza kumpita. Moyo ulimuuma kumwona mumewe vile. Alitaka jambo moja tu: huyu mtu akae naye kule juu, japo mara moja.

Wakafika kwenye mwamba wa kupumzikia. Bibi akakaa. Mzee akaanza kuokota vijiti.

"Vya nini, Baba Pacha?"

"Vya chai."

"Nani kaagiza chai? Njoo ukae."

"Hapo wanakaa wageni. Mimi huwa kule nyuma, nachemsha maji."

"Miaka yote hiyo hujakaa hapa?"

Mzee akatikisa kichwa. Mama Pacha akapangusa mwamba kando yake kwa pindo la gauni.

Mara Mzungu mmoja akatokea, jasho linamchuruzika, mkewe akichechemea nyuma yake. "Mzee," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "beba begi, twende chini?"

Mkono wa mzee ulikwisha kunyooka. Mama Pacha akamdaka shati kwa nyuma.

"Huyu leo ana mgeni wake. Na mgeni mwenyewe mkorofi."

Mzungu akaiva uso kama nyanya. "Samahani, mama." Akakaa na mkewe upande wa pili wa mwamba.

Mzee akabaki kasimama, vijiti mkononi.

"Nitakaa kidogo tu."

"Kaa kidogo. Nani kakwambia utage?"

Akaangusha vijiti. Akakaa ukingoni, kama aliyekwenda kwa wakwe. Taratibu mgongo ukalegea, miguu ikanyooka. Akatazama bondeni kwa muda mrefu.

"Kumbe nyumbani kwetu kunaonekana!"

"Wapi?"

"Pale. Bati jekundu, kando ya shule."

Mama Pacha, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu, hakuona bati wala shule.

"Napaona," akasema, akasogea mpaka nguo zao zikagusana. "Nionyeshe na kwa jirani."