Chama cha Wasomi na Sufuria ya Mama

Ukimwambia Nyaguthii kitu hakiwezekani, umempa kazi ya wiki nzima. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari pale Kimumu, mjini Eldoret, na alitaka kitu kimoja tu: kuingia katika chama cha wasomi wanaochunguza historia ya China ya kisasa. Si kwa sifa. Alikuwa anasoma peke yake, anaandika peke yake, na hana wa kumwambia hapa umekosea. Alikuwa amechoka kubishana na nafsi yake.

Makala ya maombi alikuwa nayo. Ilibaki mwanachama wa kumdhamini, na mwanachama Eldoret nzima alikuwa mmoja, Daktari Musimbi, mwanamke aliyemfundisha chuoni. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa. Jumatano Nyaguthii akaenda kwake Elgon View.

Daktari aliisoma makala yote. Ilihusu mwaka wa 1958, wanavijiji wa China walipotakiwa kula katika majiko ya pamoja, na sufuria zao nyingi zikachukuliwa zikayeyushwe kuwa chuma. Alipofika ukurasa wa mwisho akavua miwani.

"Kazi nzuri, Mwalimu. Lakini hapa umeleta kambi ya wakimbizi ya 2008, foleni ya uji, na mama yako. Toa hiyo, niweke sahihi sasa hivi."

"Niitoe kwa nini, Daktari?"

"Wale waliamriwa, nyinyi mlifukuzwa. Hayo mambo hayafanani. Watasema umekuja kuwalilia."

Kuwalilia! Uso wa Nyaguthii ukawaka moto. Alishukuru kwa chai, akabeba makala yake, akaondoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Daktari hakuwa amekosea kabisa.

Nyumbani alimkuta mama yake akikata sukuma wiki.

"Hicho chama chako," mama akauliza, "mtu akifiwa wanaleta tenti?"

"Hapana, mama."

"Wanachanga?"

"Hawachangi."

"Sasa mnafanyanga nini huko?"

"Tunabishana."

"Aki wewe! Si ungebaki hapa tubishane bure?"

Nyaguthii akacheka bila kupenda, kisha akamweleza yote. Mama akaweka kisu chini. Siku walipokimbia ghasia za uchaguzi kutoka kwao Chepsaita aliacha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikichemka, na tangu hapo alikuwa hataki kabisa habari za kambi. Leo akazitaka.

"Usiandike tulikufa njaa," akasema. "Uji ulikuwa unatosha. Shida ni kwamba mtu mwingine ndiye alikuwa anakupakulia. Anakujazia kikombe, anasema haya, mtoto mwingine. Mimi nimesimama hapo, siwezi kukuongezea hata kijiko. Nilikuwa mama wa bure tu."

Nyaguthii alitaka kumshika mkono, lakini mama alikuwa ameshaokota kisu. Akaenda kuketi na makala yake.

Kesho yake, baada ya vipindi, alikuwa tena Elgon View. Daktari alikimbilia ukurasa wa mwisho.

"Nilikwambia utoe. Wewe umeongeza!"

"Nimeongeza. Na sijasema sisi na Wachina tunafanana. Nimesema swali langu nilitoka nalo kambini: mama akinyimwa kuwapakulia watoto wake, anabaki nani katika nyumba hiyo? Nikitoa kambi, itabidi nidanganye kuhusu mahali nilipolipata."

"Na nikikataa kukudhamini?"

"Nitaomba tena mwakani. Na makala itakuwa ndefu zaidi."

Daktari akamtazama kama mtu anayetafuta pa kukasirikia, akapakosa.

"Siku utakayoisoma mbele ya chama, mimi ndiye nitakupinga wa kwanza. Na sitakuonea huruma."

"Nipinge, Daktari. Hilo ndilo ninalolitafuta."

Basi Daktari Musimbi akaanza kupekua meza akitafuta kalamu, huku akinung'unika kuhusu wanafunzi wasiosikia.

Nyaguthii alifika nyumbani karibu akikimbia. Mama yake alikuwa jikoni, ameinama juu ya jiko.

"Amekubali?"

"Ameweka sahihi, mama. Na wewe umo ndani, hakukutoa."

Mama akakoroga githeri ambayo ilikuwa imeshaiva, haikuhitaji kukorogwa.

"Hao wenzako," akasema, "siku wakija kubishana huku kwetu, waje na njaa. Na mtu asishike mwiko wangu. Nitawapakulia mimi mwenyewe."