Kicheko cha Karakanani

Kaka mtu alikuwa ameshakung'uta vumbi la mbao kwenye suruali na kuvaa shati safi, pale mdogo wake alipoinua kichwa kutoka kwenye mlango aliokuwa akiupiga randa.

"Unakwenda wapi, bwana harusi?"

"Kliniki, kuchanjwa nimonia. Muuguzi kasema sisi wenye kisukari ikitushika haitubembelezi. Twende wote."

"Kila siku unajidunga insulini, bado tu hujashiba sindano?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Kaka naye akacheka, akavua shati. "Basi, wiki ijayo." Walikuwa maseremala wawili wa tumbo moja, na maradhi yao mamoja, na tangu utotoni mkubwa alimsikiliza mdogo kupita kiasi.

Wiki ijayo ikazaa nyingine. Baridi ikaingia, kaka akashikwa na kikohozi, wakalisingizia vumbi la mbao. Siku ya tatu kaka alishindwa kuinua msumeno. Homa ikampandisha sukari, sukari ikamnyima nguvu ya kupambana na homa. Hospitalini alilala siku tisa, akivuta pumzi kama mtu apandaye mlima. Ya kumi hakuiona.

"Angechanjwa angepona?" mdogo mtu alimuuliza daktari.

Daktari alijibu: "Siwezi kukuapia. Chanjo haizuii yote. Lakini ingempunguzia hatari, na kwa mwenye kisukari hatari ni kubwa."

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani. Lingekuwa "hapana," angepata usingizi. Mjane wa kaka hakumlaumu hata siku moja. Hakuujua ule mzaha, na mdogo mtu hakupata ujasiri wa kumweleza.

Miezi miwili baadaye alikwenda kliniki peke yake, akakunja mkono wa shati. Sindano iliingia na kutoka kabla hajajikaza. Lilikuwa jambo dogo mno, na udogo wake ndio uliomtoa machozi.

"Imeuma?" muuguzi aliuliza.

"Hapana."

"Wengi hawaji mpaka wasukumwe. Wewe nani kakushauri?"

"Kaka yangu."

"Basi mshukuru."

Hakurudi karakanani. Alishika njia ya nyumbani kwa shemeji yake, akamkuta akianika nguo uani.

"Karibu, shemeji. Mbona saa za kazi?"

"Nina neno. Linamhusu kaka. Na mimi."

Shemeji aliiacha nguo ndani ya beseni, akamsogezea kigoda. "Kaa basi, uniambie."

Hakukaa. Alijua akikaa hatasema.