Vioo vya Melifa

Mimi ni mkaguzi wa majengo, na simpendi mtu anayeninong'oneza sikioni eti kwa nini ukuta wa mashariki wa kanisa la Namilongo ulianguka. Asinong'one. Aulize kwa sauti, nitamjibu. Mimi Jailosi ndiye niliyetia muhuri kwamba hautaanguka.

Namilongo ni misheni yetu chini ya Mlima Mulanje. Matofali ya kanisa yalifinyangwa na kuchomwa na mababu wa watu wanaosali humo mpaka leo, na mimi nilibatizwa humo. Siku moja ufa ukatokea kwenye ukuta ulio nyuma ya mimbari, ukapanda kutoka dirishani mpaka karibu na ncha ya paa. Wakubwa wa sinodi wakaniita, wakataka neno moja tu kutoka kwangu: wafunge kanisa, au waendelee kusali. Mama yangu, Falesi, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alinionya mapema nisimletee habari za kufunga.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Niligonga matofali moja moja kwa mpini wa nyundo nikisikiliza, nikashusha timazi kupima kama ukuta umesimama wima. Ukuta ulikuwa umelala ndani vidole viwili. Hilo halikunitisha, ukuta unaweza kuinama ukakaa hivyo miaka mia. Tatizo ni kama bado unatembea. Kwa hiyo nilibandika vipande vitatu vya kioo juu ya ufa, kila kimoja kikishikwa na plasta huku na huku. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinapasuka. Hakuna maneno mengi hapo.

Tulifundishwa kuichora tarehe kwenye kioo chenyewe. Mimi niliona kioo ni chembamba, nikaiandika kwa penseli kwenye tofali la kando. Nani angevigusa? Dada yangu Melifa alikuwa amenishikia ngazi, na plasta iliyobaki nikamwachia.

Nilirudi wakati wa mvua kubwa, nikapanda ngazi, vioo vizima. Nikarudi tena baridi ilipoanza, vizima. Nikaandika kwamba ufa umetulia, watu wasali kwa amani. Mama alinichinjia kuku.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, yale manyunyu yetu ya baridi tunayoyaita chiperoni yalinyesha siku tisa bila kupumzika. Jumamosi akina mama walikwenda kusafisha kanisa kama kawaida. Wengine walikuwa nje wakichota maji. Melifa alikuwa nyuma ya mimbari anapiga deki. Ukuta wote ulimwangukia.

Tulimzika Jumatatu. Jumanne nikaingia kwenye kifusi, maana wakubwa walikuwa wameniita kikaoni siku ya Alhamisi nieleze, na mimi mwenyewe nilikuwa sielewi. Niliyageuza matofali ya pale ufa ulipopita. Nyigu walikuwa wamejenga humo ndani vijumba vya udongo, vikapasuka katikati, wakajenga vingine juu yake, navyo vikapasuka. Ukuta ule haukuwa umetulia hata msimu mmoja. Sasa vioo vyangu vilibakije vizima? Nilikaa juu ya kifusi kama mwehu.

Mchana ule nilimkuta mama mkekani, peke yake, waombolezaji wakiwa wamekwenda kula. Nikamwambia tu kwamba kazi yangu imenishinda akili. Nadhani alitaka kunifariji.

"Yule alikupenda, Jailosi," alisema. "Vile vioo vyako vilikuwa vinapasuka, unajua? Melifa akasema haiwezekani wageni wa sinodi waone vioo vibovu nyumbani mwa Mungu, tena vya kaka yake. Akaenda kwa fundi wa fremu za picha kule sokoni, akakatiwa vingine. Akavibandika mwenyewe, vizuri kuliko hata wewe. Mara tatu alibadilisha. Sisi tunasafisha kila kitu, mwanangu, tungekuachia chako kichafu?"

Nikamuuliza nani mwingine alijua. Akasema hakuna, yeye ndiye aliyemshikia ngazi. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, na katika kulia huko nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Ningemkuta hai ningemzaba kofi, halafu ningemkumbatia nisimwachie.

Alhamisi tulikaa katika darasa la shule ya misheni. Mchungaji Kachaje, aliyeongoza kikao, alisoma barua yangu mbele ya watu wote, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri. Kisha akaniuliza kama kweli nilivikuta vioo vizima. Hapo sentensi moja juu ya Melifa na fundi wa fremu ingeniokoa, na ilikuwa kweli tupu. Mama alikuwa benchi la pili amevaa sare yake ya chama, mikono mapajani, ananitazama kwa imani kabisa.

"Sikupanda ngazi," nilisema. "Nilitazama kutoka chini, nikaona inatosha."

Darasa zima liliguna. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni alitema mate. Mchungaji hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alininyooshea mkono nikampa muhuri, nikatia sahihi kwamba kosa ni langu. Uongo huo nilijiambia una punje ya kweli, maana ningechora tarehe kwenye vioo, nisingedanganyika. Haukunisaidia kitu.

Mama hakunisubiri. Nilimkuta jikoni kwake anasonga nsima, amenipa mgongo. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikakaa kwenye kigoda. Alisonga mpaka nsima ikaiva, akaendelea tu kusonga.

"Mtoto wangu alipanda ngazi mara tatu," alisema, "na tumbo lake lile lililokuwa likimuuma, ili vioo vyako vipendeze. Na wewe hukupanda hata mara moja kuvitazama."

Aliuweka mwiko kando.

"Ungevitazama angekuwa hai. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi umemuua dada yako."

"Ndiyo, mama," nikasema.