Mpira wa Mwisho Bangwe

Watu wanasema nilimkomoa mume wangu. Waseme! Mdomo ni mali yao. Aliyekaa kwenye kiti cha refa ni mimi, Asnath, si wao.

Mashindano ya tenisi ya Bangwe si mchezo wa kitoto. Yalianza babu zetu wakiwa vijana, na hayajaruka hata mwaka mmoja. Ziwa lilipofurika, wanaume walicheza maji yakiwalamba vifundo vya miguu. Siku hizi wanakuja hata wanaokula kwa raketi, kutoka Bujumbura mpaka Lubumbashi. Bingwa huandikwa jina kwenye ukuta wa uwanja, na aliyeandikwa pale, sokoni Ujiji hupunguziwa bei ya samaki, migebuka, bila kuomba. Na refa habishiwi. Ukimbishia, umeshindwa, kaoge.

Sasa mume wangu, Dismasi. Baba yake yumo ukutani. Kaka yake yumo. Hata shemeji yake wa Kidahwe, na kitambi kile, yumo! Dismasi kila mwaka fainali, kila mwaka patupu. Safari hii akasema, "Mama Recho, nikikosa tena, raketi naichanja kuni."

Siku ya fainali, refa aliyepangwa gari likamfia njiani. Nikapandishwa mimi, mwalimu wa michezo. Dismasi akatabasamu mpaka jino la mwisho. Nilijua anachowaza, na nilichukia.

Ikabaki pointi moja awe bingwa. Selestini wa Bujumbura akapiga mpira mrefu, Dismasi akauacha upite. Uwanja ukalipuka, "Nje! Nje!" Mama mkwe akapiga vigelegele, akatandika kanga yake chini mwanawe apite. Lakini mimi niliona chokaa ya mstari ikiruka. Mungu wangu, kwa nini mimi?

"Ndani," nikasema.

Dismasi akaniangalia, kisha akarudi mstarini kucheza. Pointi ile ikaenda, zikafuata nyingine, na ubingwa ukaenda nazo. Mama mkwe akaokota kanga yake bila kunitazama.

Tukarudi nyumbani. Nikasonga ugali, nikatenga, nikasubiri. Uzalendo ukanishinda.

"Nitukane basi, Baba Recho, tuishe!"

Akamega tonge, akabaki nalo mkononi. "Mpira ulikuwa ndani."

"Kumbe uliuona?"

"Niliuona. Nilikuwa namwomba Mungu wewe usiuone."

Nikanyanyua mwiko. "Mwanaume mzima, unamwombea mkeo upofu?"

"Wa dakika moja tu, Mama Recho."