Picha Moja ya Heshima

Baba yangu alikuwa kinyozi, na hakuacha picha hata moja ambayo mtu mwenye akili timamu angeitundika ukutani. Kwenye hii ametoa ulimi. Kwenye ile amejifunga kilemba cha mama. Nyingine inamwonyesha amesimama nyuma ya mteja, amemwotesha pembe kwa vitana viwili. Mteja huyo alicheka mpaka akaenda zake na ndevu za upande mmoja, akashtukia nyumbani. Kwa baba kisa kilitangulia, wembe ukafuata.

Sasa ndugu na majirani walikuwa wanakuja Jumamosi kumkumbuka, na mama hakutaka akumbukwe ulimi nje.

"Tangu tumzike watu wanacheka tu," aliniambia, albamu zimetapakaa kitandani. "Nimekuwa mjane wa kichekesho. Nataka wamwone mara moja alivyokuwa mume wa mtu."

"Mama, alikuwa mume wa mtu na ulimi nje."

"Hebu ninyamazie. Mdomo wake umeurithi wote."

Mwishowe akatoa picha ya harusi. Nilijua ataitoa tu. Humo baba amesimama wima kando yake, taya zimekaza, machozi yanamlengalenga. Picha hiyo ilikuwa dawa ya mama. Watu husema kutoa ni moyo. Mama alisema kwa baba kutoa ni ugonjwa. Baba aligawa godoro la wageni, kisha akaleta wageni. Kila alipofanya vituko hivyo, mama aliingia chumbani, akaitazama ile picha, akatoka ametulia. "Mwanamume aliyezidiwa na mapenzi namna hii," alisema, "nitamvumilia."

Tukaipeleka kwa mpiga picha. Akamtenga baba, kichwa na mabega, akamkuza mpaka akawa mkubwa kuliko dirisha la jikoni.

Jumamosi watu waliingia sebuleni wakichangamka, wakatazama ukutani, wakanywea. Fundi cherehani, ambaye duka lake lilipakana na la baba miaka nenda rudi, alivua kofia akaninong'oneza, "Pole sana. Na huyo mzee wa ukutani ni nani? Naye amefariki?" Binti yangu mdogo akaangua kilio. "Simtaki huyo! Namtaka babu!"

"Huyo ndiye babu yako," mama akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Siku ya harusi yetu. Alikuwa amezidiwa na mapenzi."

Baba mdogo, aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi siku hiyo, akapaliwa na chai.

"Una nini, shemeji?" mama akamuuliza.

"Niache tu, shemeji."

"Umeshaanza kukohoa, malizia."

Akaweka kikombe chini. "Yale si mapenzi. Ni viatu. Mimi nilikuja na viatu vya kuazima, vidogo, hata kutembea siwezi. Nikagoma kuingia ukumbini. Kaka akanivuta nyuma ya mlango, akanivalisha vyake, akajibana kwenye vile vyangu. Na mguu wake unaujua! Akaniambia, 'Leo watu wanamtazama bibi harusi, nani ataniangalia miguu?' Kisha akaniapisha nisikwambie."

Sebule ikalipuka. Fundi cherehani akashikilia mlango asianguke. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo, mpaka nilipomwona mama. Alikuwa ameiinulia uso ile picha, nikaacha kucheka. Nilimchukia baba mdogo wakati ule. Mama alikuwa na picha moja tu ya kujivunia, na sasa amenyang'anywa mbele ya watu. Wengine nao, mmoja mmoja, wakaanza kumgeukia.

"Viatu," mama akasema.

"Nisamehe, shemeji. Mdomo hauna mfupa."

Mama alikuwa bado anaitazama picha. Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega nayo yalikuwa yanaruka kwa kicheko.

"Alicheza na mimi siku ile," akasema. "Hakukosa wimbo hata mmoja, mpaka wapiga muziki wakaanza kufunga vyombo. Kila ukiisha ananivuta tena, 'Mmoja tu, mke wangu.'" Akajifuta macho kwa kiganja. "Jamani, mimi ndiye niliyemwomba tukakae. Nilimwambia miguu inaniuma."