Gawa kwa Tano

Nilianza chuo nikiwa na miaka arobaini na sita, na kofia yangu ya kazi ilikuwa imewazidi umri wote niliokaa nao benchi moja. Sikwenda kwa kupenda, tusidanganyane. Kazini kwetu, kwenye yadi ya mashine nzito, uongozi ulibandika waraka kwamba kila msimamizi wa kufunga mizigo awe na cheti cha Mekanika ya Mwanzo kabla mwaka haujaisha. Asiye nacho atahamishiwa kibanda cha getini, akaandike namba za magari. Mimi nimefunga mizigo miaka ishirini na saba. Nimefunga jenereta, matangi, boila, na siku moja sanamu ya farasi. Eti leo nikakae getini na kalamu.

Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, madirisha hayafunguki, feni inazunguka kwa kulazimishwa. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mwembamba, sauti ya chini, na kila jambo alilianza kwa “chukulia”. Chukulia kamba haina uzito. Chukulia gurudumu la kapi halina msuguano. Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka kimoyomoyo, maana hizo kamba nimezibeba begani asubuhi nzima na najua zilivyo. Wiki ya tatu niliacha kucheka. Nilianza kuona kwamba yale ambayo mikono yangu iliyajua bila kuulizwa, yeye aliyaandika kwa mistari mitatu, na mistari ilitoka sawasawa. Ilinikera kidogo. Halafu ikanifurahisha, nami sikutaka mtu ajue.

Wanafunzi wenzangu waliniita mama, wakaniomba niwashikie daftari walipotoka nje, kisha wakaanza kunakili kazi zangu. Sikuwakatalia. Mchoro wa kani nilikuwa nauchora vizuri kuliko wote: mzigo katikati, mishale inayovuta juu, mishale inayovuta chini. Nimesimama kwenye hiyo picha maisha yangu yote.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu kamba ina namba mbili. Ya kwanza ni pale inapokatika, na hiyo haiandikwi popote. Ya pili ni mzigo unaoruhusiwa, yaani ile ya kwanza ukiigawa kwa tano. Hiyo ndiyo tunayoiandika kwa chaki kwenye ubao wa yadi, na aliyeiandika anaweka jina lake pembeni, jina zima, ili ijulikane nani wa kuulizwa. Kamba ikikatikia tani tatu, ubaoni utaona kilo mia sita. Mimi sina mchezo na hilo. Nimewahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kugawa kwa nne. Yadi nzima inaniita Bi Tano, na wanaponiita hivyo sijui kama wananisifu au wananisengenya.

Siku ya mtihani, swali la tano lilinikalia kama limeandikwa kwa ajili yangu. Kamba inakatika ikivutwa kwa kani ya niutoni elfu ishirini na nne. Winchi inainua mzigo kwenda juu kwa mchapuko wa mita mbili kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta tungamo la mzigo mkubwa kabisa unaoweza kuinuliwa kabla kamba haijakatika. Nilichora, nikaweka mishale, nikagawa ishirini na nne elfu kwa kumi na mbili, kumi za uvutano wa dunia na mbili za winchi. Kilo elfu mbili. Niliijua kabla sijamaliza kuandika. Basi kalamu ikasimama. Nikaandika mstari mmoja zaidi, nikagawa kwa tano, na jibu langu likawa kilo mia nne.

Nilipata arobaini na sita. Alama za kufaulu ni hamsini. Swali la tano lilikuwa na maksi nane, mimi nikapewa nne.

Mwalimu aliniita ofisini, akaniwekea karatasi mbele na kidole chake juu ya mstari wa mwisho. Akaniuliza kwa nini nimegawa. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya kazini. Akasema swali limeuliza pale kamba inapokatika, siyo pale inapofaa. Nikamwambia nimelisoma na nimelielewa. Hakuudhika, akasema mtihani wa marudio ni baada ya wiki tano na nisirudie hilo. Nikaitikia. Moyoni nilijua mkono wangu hautakubali.

Sababu yake sikumwambia, na hapa nitaisema mara moja tu.

Kazi hii nilifundishwa na kaka yangu. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili tulikuwa yadi moja, yeye msimamizi, mimi msaidizi wake. Siku moja nikabishana na mwendesha winchi kuhusu kamba mpya. Yeye anasema ni dhaifu, mimi nasema ni kamba ya maana. Ili nimkomeshe, nikachukua chaki nikaandika ubaoni pale inapokatika: tani tatu. Nilishinda ubishi. Nikaenda kula, nikasahau kufuta. Zamu ya mchana wakaingia, wakasoma tani tatu, wakadhani ndiyo ruhusa. Wakainua mota ya tani mbili na nusu, winchi ikaivuta kwa pupa, kamba ikakatika. Kaka yangu alikuwa chini yake, akikimbia kuwazuia. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Uongozi ulipouliza nani aliandika, kaka alisema ni yeye. Mwandiko wangu alinifundisha yeye, ulifanana na wake, hakuna aliyehoji. Hospitalini aliniambia mguu umeshaenda na kazi imeshaenda, sasa ninyamaze mmoja wetu abaki na kazi. Nikanyamaza. Alifukuzwa kwa uzembe. Tangu hapo ikawekwa sheria ya kuandika jina, na tangu hapo kila wageni wakija kazini wanasimuliwa habari za yule msimamizi mzembe aliyeandika tani tatu. Mimi huwa nipo. Kuna miaka ambayo niliambiwa nisimulie mimi, na nilisimulia. Huo ndio uchafu wangu, na nimeubeba miaka ishirini na nne na macho makavu.

Kaka yuko hai na mzima, tunaishi nyumba moja. Anatengeneza cherehani barazani, mkongojo wake umeegemea ukuta, na mdomo wake hauna breki. Nilipomwambia nimefeli kwa kugawa kwa tano alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Akasema yeye hajawahi kusikia mtu aliyefeli kwa usalama. Kisha akaacha kucheka, akaifuta miwani kwa shati.

“Mdogo wangu, mtihani hauinui mzigo,” akasema. “Hakuna mtu aliyesimama chini ya hiyo karatasi. Andika.”

Hayo mambo hatukuwa tumeyagusa tangu hospitalini, na hata hapo aliyapitia kwa mbali. Nikamjibu nitajaribu. Akarudi kwenye cherehani yake, nikaenda kuanua nguo.

Wiki tano nilisoma kama sina akili nyingine. Nilirudia mishale, mteremko, kapi mbili, kapi tatu. Kwenye daftari niliandika namba za kukatika ukurasa mzima, nikazichana. Asubuhi ya marudio niliwahi kufika. Karatasi ilikuwa na maelekezo kwa herufi nzito: mtahiniwa aandike namba yake tu, asiandike jina popote, atakayeandika jina karatasi yake itabatilishwa. Niliyasoma mara mbili. Na swali la kamba lilikuwepo, lilelile, hawakubadilisha hata winchi.

Nilichora. Nikakokotoa. Nikaandika kilo elfu mbili, nikapiga mstari chini yake, na sikugawa. Mkono ukasogea pembeni ya ile namba kama unavyosogea kila siku ubaoni, ukaandika jina langu, jina zima.

Nililiona. Nisije nikajifanya sikuliona. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja na kalamu ilikuwa mkononi. Nikafunga karatasi nikaikabidhi.

Kesho yake mwalimu aliniita tena. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa analifanya. Karatasi ilikuwa mezani, na kando yake kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Akaniambia nimepata hamsini na nane, na kwamba hajaipeleka bado. Sheria anaijua, lakini anajua pia ni mazoea ya kazi, siyo hila. Akanisogezea kichupa. Nifute jina, likauke, yeye hajaona kitu na mimi sijaona kitu. Nilimpenda mwanamke yule wakati ule, nasema kweli.

Nilifungua kichupa. Nilitaka kufuta, sitaki mtu afikiri mimi ni jasiri. Niliwaza kile kibanda cha getini, kiti chake cha plastiki, madereva watakavyonitania. Brashi ilikuwa imeshachovya. Halafu nikalitazama lile jina pembeni ya ile namba ya kukatika, na nikajua ni mara ya kwanza viwili hivyo kukaa pamoja, na kwamba mahali hapo kwa miaka ishirini na nne limekaa jina la kaka yangu. Nikarudisha brashi, nikafunga kifuniko.

“Liache lilivyo, mwalimu.”

“Mama, unajua maana yake?”

“Najua. Ni mpaka mwakani.”

Hakunibembeleza. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika alichotakiwa kuandika, akaniambia masomo yanaanza tena baada ya likizo na nafasi yangu ataishika. Nikamshukuru, nikashuka ngazi. Pale chini wenzangu walikuwa wanapiga simu za furaha nyumbani kwao, mmoja akanikumbatia bila kuuliza nimepata nini.

Kaka nilimkuta barazani, anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, jicho moja limefumbwa. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamweleza yote, pamoja na wino mweupe, na kwamba mwaka umeisha, Jumatatu naingia getini. Nilidhani atanifokea. Aliacha uzi ukaning’inia.

“Jina la nani?” akauliza.

“Langu, kaka.”

Mkono wake ulishuka pale goti lilipokuwa, akapasugua kama anavyofanya siku za baridi, na siku hiyo hakukuwa na baridi. Macho yalimjaa, hakuyaficha, wala mimi sikuyaficha yangu.

“Na mwakani wakikuuliza swali lilelile,” akasema, “utaandika nini?”

“Elfu mbili tupu,” nikamwambia. “Jina nilishaliweka.”